Boriti, Chokaa na Ufa: Elimu ya Waashi wa Mwambao

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaitumia kila siku kuwaonya watu juu ya tabia zao, na shuleni twaifundisha kama fumbo. Lakini tukiitazama kwa jicho la mwashi, si fumbo hata kidogo. Ni kanuni ya kazi, na ndani yake imo elimu kubwa ya ujenzi ambayo wazee wetu wa mwambao waliimiliki kwa karne nyingi.

Tuanze na nyumba ya udongo, ambayo wengi wetu tulizaliwa ndani yake. Mtu asiyejua hudhani kwamba paa limebebwa na udongo. Sivyo. Uzito wa makuti hushuka juu ya makombamoyo, ukapokewa na mwamba, ukaingia katika nguzo, na nguzo zikaufikisha ardhini. Udongo uliokandikwa juu ya fito hufunga nafasi tu na kuzuia upepo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ujenzi, iwe wa kibanda au wa kasri: kila uzito sharti upate njia ya kushukia chini.

Nyumba ya mawe hufuata sheria hiyo hiyo kwa vifaa vingine. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukifikia nusu mita na zaidi. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya magogo. Matumbawe laini yalikatwa baharini yangali mabichi, yakachongwa mihirabu na vizingiti, kisha yakawa magumu kwa hewa. Jiwe lina tabia moja: hustahimili sana kugandamizwa, bali halistahimili kupindwa. Kwa hiyo dari ilihitaji mti, na mti huo ni boriti ya mkoko, iliyokatwa katika delta ya Rufiji, visiwa vya Lamu na kwingineko. Boriti ni imara, lakini ikivuka nafasi pana hulemewa. Ndiyo maana vyumba vya Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Majahazi yalipopeleka boriti zetu Uarabuni na Ghuba, kipimo hicho kilisafiri pamoja nazo, na vyumba vya huko navyo vikafuata urefu wa mti wetu.

Je, mjenzi akitaka ukumbi mpana afanyeje? Jibu liko Kilwa Kisiwani. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa nguzo, matao na kuba. Katika tao kila jiwe humsukuma jirani yake, na yote hugandamizwa pasipo hata moja kupindwa. Waashi walikuwa wameielewa tabia ya jiwe, wakaigeuza kuwa nguvu. Wako wataalamu wa zama za ukoloni waliodai kwamba majengo kama haya ni kazi ya wageni. Hatukatai kwamba watu wa mwambao walijifunza kwa jirani zao wa ng'ambo, maana hakuna taifa lisilojifunza. Lakini matumbawe ni ya bahari yetu, mikoko ni ya delta zetu, na maisha ya mijini humo yalikuwa ya Waswahili.

Adui mkubwa wa nyumba ya mawe ni maji. Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha ikamwagwa sakafu ya chokaa na kokoto, ikapigwa kwa vigongo huku nyimbo zikiimbwa, hata ikashikamana. Sakafu hiyo ikipasuka, mvua huingia, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, nao ukuta hupoteza kilichoufunga. Ufa wa kidole huwa kaburi la nyumba.

Tulilishuhudia jambo hilo Unguja. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilivistahimili vita vya mizinga vya mwaka 1896 vilivyobomoa kasri jirani. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lililoshinda mizinga lilishindwa na miaka.

Twasema haya kwa sababu leo wengi wanaziba kuta za kale kwa saruji, wakidhani kigumu ndicho bora. Ukuta wa chokaa hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huufungia unyevu ndani, na jiwe huoza kimya kimya. Hata hivyo tumaini lipo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na baada ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014.

Basi mwalimu anapoifundisha methali yetu, na awatoe wanafunzi nje, awaonyeshe ufa wenyewe, awaulize maji yameingilia wapi. Urithi wa waashi wetu si mawe peke yake. Ni mkono unaojua kuchanganya chokaa na jicho linaloona ufa mapema. Mawe yakianguka huinuliwa tena, lakini mkono usiofundisha mwingine huzikwa pamoja na elimu yake.