Alama ya Mshangao na Sauti ya Amri: Historia ya Vituo vya Maandishi kutoka Pwani hadi Kutulo

Utangulizi

Vitabu vya sarufi hueleza kwamba alama ya mshangao huwekwa baada ya neno au sentensi inayoonyesha furaha, hofu, hasira, huzuni au amri. Maelezo hayo hayana kosa, ila yamechukulia kwamba alama moja huweza kuyabeba mambo hayo yote kwa usawa, na kwamba kila msomaji atalisikia lile lililokusudiwa na mwandishi. Historia ya maandishi katika Afrika Mashariki haithibitishi dhana hiyo. Alama za hisi zilikuja zikiwa zimefungamana na hati fulani, vyombo fulani vya kuandikia na mamlaka fulani, na kila mahali zimesomwa kwa kufuata njia zilizopitia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo hilo kwa kuifuata alama ya mshangao kutoka maandishi ya Pwani hadi Kutulo, mji mdogo ulio kwenye njia itokayo Wajir kwenda Elwak na Mandera, Kaskazini Mashariki ya Kenya. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mtoto wa huko hukutana na mifumo mitatu ya maandishi kabla hajamaliza shule ya msingi: hati ya Kiarabu ya duksi, hati ya Kilatini ya Kiswahili na Kiingereza, na hati ya Kilatini ya Kisomali. Katika mifumo hiyo alama zinazofanana kwa sura hufanya kazi zisizofanana.

Maandishi yasiyo na alama ya hisi

Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Miongoni mwa maandishi ya kale yanayojulikana zimo barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizohifadhiwa Goa. Katika mapokeo hayo hapakuwa na mkato, wala alama ya kuuliza, wala ya mshangao. Washairi walitumia alama ndogo za kutenga vipande na beti, lakini hizo zilikuwa za mizani na kina. Hazikuwa za hisia.

Isidhaniwe kwamba waandishi hao walikosa njia ya kupanga maneno yao au ya kuonyesha mioyo yao. Kazi ifanywayo leo na vituo ilifanywa na maneno yenyewe. Barua ilifunguliwa kwa salamu ndefu zenye utaratibu wake. Neno "wabaadu" lilimjulisha msomaji kwamba salamu zimekwisha na shauri linaanza. "Wasalaam" ikafunga mlango. Viunganishi kama "kisha", "tena" na "ama" vilitenga hoja moja na nyingine. Mshangao nao ulikuwa na maneno yake: "lahaula", "salaale", "loo", "ole". Aliyeandika "lahaula" hakuhitaji kijiti na nukta ili kumhakikishia msomaji kwamba ameshtuka.

Hata Kiarabu chenyewe kilikaa karne nyingi bila alama hizi. Kitabu cha Ahmad Zaki Pasha kilichopendekeza mfumo wa vituo vya kisasa kwa Kiarabu kilitolewa Cairo mwaka 1912. Kwa hiyo mwandishi wa Lamu au Mombasa wa karne ya 19 hakuwa nyuma ya Waarabu wenzake. Alikuwa ndani ya mapokeo yaleyale.

Kuingia kwa alama pamoja na herufi za Kilatini

Ulaya nako alama ya mshangao haikuwapo tangu hapo. Ilianza kuonekana katika maandishi ya Kilatini ya wasomi wa Italia katika karne ya 14, na kwa karne kadhaa iliitwa alama ya kustaajabia. Ilipofika Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupewa kazi nyingine, na mojawapo ilikuwa kuamuru.

Wamisionari ndio walioitia katika Kiswahili cha chapa. Edward Steere alipotoa hadithi za Kiswahili kwa herufi za Kilatini mwaka 1870, ilimbidi kuyageuza masimulizi ya mdomo yawe sentensi zenye vituo vya Kizungu. Mahali ambapo msimulizi wa Unguja alipandisha sauti au kupiga makofi, mchapaji sasa alikuwa na alama ya kuweka. Magazeti yaliyofuata, likiwamo Mambo Leo lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, yaliwazoeza wasomaji matumizi hayo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na tahajia na msamiati. Vituo vilifuata desturi ya Kiingereza bila mjadala mkubwa.

Jambo moja la vyombo yafaa likumbukwe. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha alama ya mshangao. Mchapaji alipiga ritifaa, akarudi nyuma hatua moja, kisha akapiga nukta chini yake. Mshangao ulikuwa kazi ya vidole vitatu, na karani hakuufanya bila sababu. Katika karatasi za ofisi alama hii ilikuwa adimu, na palipo adimu huonekana zaidi: ilibaki kwa makatazo, maonyo na matangazo ya hatari.

Waqfu ya duksi na ritifaa ya Kisomali

Mtoto wa Kutulo hukutana na maandishi kwanza kwenye loho ya duksi, na baadaye katika msahafu. Humo hujifunza alama za waqfu: mim inayomlazimisha kusimama, lam-alif inayomkataza kusimama, jim inayomruhusu kuchagua. Ni mfumo makini, wenye maana nzito, kwani kusimama mahali pasipo pake huweza kuharibu maana ya aya. Lakini alama hizo zote huhusu pumzi na maana. Hakuna hata moja imwambiayo msomaji aghadhibike au astaajabu. Hisia hutoka katika maneno na katika sauti ya tajwidi. Hivyo mtoto huingia shule ya msingi akiwa tayari anaelewa dhana ya kituo, na si vigumu kuusikia mzizi wa waqfu katika neno letu "kuakifisha"; ila dhana ya alama ya hisia hajakutana nayo.

Mfumo wa pili ni wa Kisomali. Lugha hii iliandikwa kwa njia mbalimbali, ikiwamo hati ya Osmania iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid katika miaka ya 1920, hadi serikali ya Somalia ilipotangaza hati rasmi ya Kilatini tarehe 21 Oktoba 1972. Kampeni ya kusomesha watu wa mijini ilifuata mwaka 1973, na ya wafugaji katika 1974 na 1975. Mpaka wa kisiasa haukuizuia hati hiyo kufika Mandera, Wajir na Garissa.

Katika hati hii ritifaa ni herufi kamili, iwakilishayo hamza. Mtu aliyefikwa na msiba hulia "ba'ay", na kialama kilicho katikati ya neno hilo hutamkwa. Kiswahili huitumia ritifaa kwa kazi nyingine, kutenga sauti ya "ng'ombe" na ile ya "ngoma". Irabu nazo ni vivyo hivyo. Katika Kisomali "dul" ni juu ya kitu, na "duul" ni kuruka angani; urefu wa irabu hubadili neno. Katika Kiswahili anayeandika "mbaaali" badala ya "mbali" hajaandika neno jipya. Ameongeza hisia tu. Basi kile ambacho kwa Mswahili ni mapambo ya sauti, kwa Msomali ni tahajia.

Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika sarufi. Kiswahili huweza kusema "Amekuja" kama taarifa, kama swali na kama mshangao bila kubadili silabi hata moja. Sauti peke yake ndiyo hutenga maana hizo, na katika maandishi alama peke yake. Kisomali husema "Wuu yimid" kwa taarifa na "Ma yimid" kwa swali. Mwito nao una viambishi vyake: Maxamed akiitwa huwa "Maxamedow", na Xaliimo huwa "Xaliimooy". Kwa ufupi, mzigo ambao Kisomali kimeuweka katika viambishi na vijineno, Kiswahili kimeuacha kwa sauti, na mwandishi wa Kiswahili hana budi kuukabidhi kwa alama. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kutulo anapoziacha alama hizo katika insha yake, haifai kuhukumiwa mara moja kuwa ni uzembe. Huenda anaandika kama mtu ambaye lugha yake imekwisha kuifanya kazi hiyo mapema.

Kiswahili kilichosikika kama amri

Sababu za isimu hazitoshi. Inafaa pia kuuliza ni Kiswahili cha namna gani kilichofika huko kwanza. Pwani lugha hii ni ya mama, ya ngoma na ya mashairi. Kaskazini Mashariki ililetwa kwa sehemu kubwa na askari na utawala. Chini ya ukoloni eneo hilo lilikuwa wilaya iliyofungwa, na sheria ya 1934 ya wilaya maalum iliongeza mamlaka ya serikali juu ya nyendo za wafugaji. Desemba 1963, majuma machache baada ya uhuru, ilitangazwa hali ya hatari. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hadi mapatano ya 1967, lakini sheria za dharura hazikufutwa hadi 1991. Katikati ya muda huo, Februari 1984, watu wengi waliuawa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa kupita katika mchujo wa kuthibitisha uraia wao.

Katika mazingira hayo, sentensi za Kiswahili zilizosikika mara nyingi zilikuwa fupi: "Simama!" "Kaa chini!" "Kitambulisho!" Hizo ni sentensi za alama ya mshangao. Sarufi ya Kiswahili ina njia nyingine ya kumwelekeza mtu, ile ya "usimame", "ukae", "utuonyeshe", ambayo huomba huku ikiagiza. Lakini kwenye kizuizi cha barabarani njia hiyo haikuwa na nafasi kubwa. Mtu aliyejifunza lugha kwa namna hiyo akiiona alama ya mshangao ukutani au katika tangazo, hana sababu ya kufikiri kwanza juu ya furaha.

Kuna tukio la pili linalohusiana na hilo. Wasomali huitana kwa "waryaa", mwito wa kawaida wa kumwelekea mwanamume. Huko Nairobi na kwingineko nchini, watu wasiojua Kisomali waliusikia mwito huo mara kwa mara, wakaufanya jina la Wasomali wote: "Waria". Wengi wanaoitwa hivyo huliona kuwa jina la dharau. Kihisishi cha watu kimegeuzwa nomino ya kuwataja, na mwito uliokusudiwa kumsogeza mtu karibu ukawa wa kumtenga. Pande zote mbili, basi, zimesikilizana kwa vihisishi tu: upande mmoja ukasikia amri, mwingine ukasikia makelele.

Shule, insha na simu

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na mtihani wa KCPE ukadumu hadi 2023. Kwa muda wa kizazi kizima, watoto wa Kutulo walipimwa kwa insha sawa na watoto wa Malindi. Katika madarasa mengi insha nzuri ilifahamika kuwa ile iliyosheheni methali, tanakali za sauti na vihisishi, kila kimoja na alama yake ya mshangao: mtu akaanguka pu!, jiwe likatumbukia majini chubwi! Mapambo hayo yametoka katika usimulizi wa mdomo, na mtoto wa Pwani huyasikia nyumbani. Aliye mbali huyakariri, na alama huzikariri pamoja nayo, bila kusikia sauti iliyo nyuma yake.

Simu za mkononi zimeleta hali mpya. Katika ujumbe mfupi vijana wa Garissa na Mandera huchanganya Kiswahili, Kisomali na Kiingereza, hurefusha irabu, hurudia alama ya mshangao mara tatu au nne, na huongeza emoji. Wazee wa taaluma hulalamika. Hata hivyo mabadiliko haya yana faida moja isiyopasa kudharauliwa: alama ileile iliyokuwa ya askari na karani sasa huandikwa na dada akimpongeza ndugu yake kwa kupata mtoto.

Hitimisho

Imeonekana kwamba alama ya mshangao si sehemu ya asili ya maandishi ya Kiswahili, na kwamba mapokeo ya kale yalifanya kazi yake kwa maneno. Imeonekana pia kwamba mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki huiendea alama hiyo akiwa na elimu ya waqfu, sarufi ya viambishi vya mwito, na kumbukumbu ya lugha iliyoamuru.

Mambo matatu yanafuata kwa mwalimu na mtunga vitabu. Kwanza, somo la vituo lianzie katika waqfu ambayo mtoto anaijua, kisha limwonyeshe mahali ambapo Kiswahili kinatofautiana nayo. Pili, viambishi vya mwito vya Kisomali vilinganishwe waziwazi na alama za Kiswahili, ili mwanafunzi aone kazi moja ikifanywa kwa njia mbili. Tatu, mifano ya alama ya mshangao isianze na amri. Ianze na "Karibu!", "Hongera!" na "Mvua imenyesha!", maana katika nchi ya wafugaji sentensi hiyo ya mwisho haihitaji kuelezwa kwa nini imewekewa alama. Mtoto aliyekwisha kuiandika kwa furaha yake mwenyewe atakuwa ameanza kuitumia lugha ya taifa kwa kusema, ambapo babu yake aliijua kwa kutii.