Rubani tunamjua, aliyempakilia bomu je?

Ukiwaambia vijana wa rika langu kwamba Malindi iliwahi kupigwa mabomu, wanacheka. Ati Malindi ipi? Hii hii yetu. Tarehe 24 Oktoba 1940 ndege za Waitaliano, ambao wakati huo walikuwa wameshika Somalia na Ethiopia, zilikuja zikauangushia mji mabomu. Leo Waitaliano wako kule kule wanauza pizza na kujenga majumba, na hakuna anayeshtuka.

Mimi ni wa Mtwapa, katikati ya Malindi na Mombasa, na kila nikisoma habari za vita vile nakwama kwenye swali moja la kijinga. Haya mabomu alikuwa akiyabeba nani? Manake ndege haijipakii.

Angalia upande wetu. Tarehe 11 Juni 1940, Italia imetangaza vita jana yake tu, ndege za Afrika Kusini zilipaa kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda kuwapiga Waitaliano karibu na Moyale. Zilikuwa Junkers 86, zimeundwa Ujerumani (kwa adui mwenyewe!), na nyingi zilikuwa ndege za abiria kabla ya vita. Kuna mafundi walikaa wakazigeuza. Nani anawajua?

Halafu vita vikahamia baharini. Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na Waingereza wakaileta meli zao za kivita Kilindini. Uwanja wa Port Reitz, unaoitwa sasa Moi, ukawa kituo cha ndege za wanamaji, wakaupa jina la meli kabisa: HMS Kipanga. Pale Kipevu zikatia nanga Catalina, ndege zinazotua majini, kazi yao kuwinda nyambizi.

Sasa hebu fikiria kazi ya fundi wa silaha wa Catalina. Ndege inaelea. Bomu linaletwa kwa mashua, linavutwa juu hadi chini ya bawa, na mashua inayumba, jua la Kilindini liko utosini. Na kulifunga tu hakutoshi. Bomu la kupigia nyambizi hulipuka likifika kina lilichopangiwa. Mwanzoni mwa vita Waingereza walikuwa wakiyapanga yalipuke futi 100 au zaidi, wakashangaa mbona nyambizi haziishi. Kumbe ikiona ndege, nyambizi inakuwa ndiyo kwanza imeanza kuzama, haijafika mbali. Wakashusha hesabu hadi futi 25 hivi, na nyambizi zikaanza kufa. Yaani rubani angekuwa shujaa vipi, kama namba ile ilikosewa, alirudi nyumbani mikono mitupu.

Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina mbili, moja ya kikosi nambari 259 kilichoundwa Kipevu mapema mwaka huo, ziliizamisha nyambizi ya Wajerumani U-197 kusini ya Madagaska. Wanaume 67 walikuwemo, hakupona hata mmoja. Marubani wa siku ile majina yao yameandikwa. Waliofunga yale mabomu sijawaona popote.

Na kabla ya fundi kuna mtu mwingine bado, kibarua wa bandarini. Shehena za vita zilishuka Kilindini, na zilishukia kwenye migongo ya watu. Babake nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Vita vikapanda, bei za vyakula zikapanda, ujira ukabaki pale pale. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa kama 15,000 waligoma, bandari na reli zikasimama, kwa siku kumi na mbili. Chege Kibachia, aliyewaongoza, alikamatwa mwaka huo huo. Kwa hivyo mkiniambia kwenye maoni kwamba vita vile vilikuwa vya wazungu na havituhusu, mimi nawauliza, mbona waliogoma walikuwa ni sisi?

Nyumbani kwetu hakuna picha yake wala karatasi ya kuonyesha alifanya kazi pale. Kuna neno moja tu. Nyanya anasema babake alikuwa akiyaita masanduku yale "mayai", kwa sababu mnyapara aliwaonya siku ya kwanza kwamba atakayeangusha moja, hatakuwepo mtu wa kumkata mshahara. Hadi leo nyanya akituona tumebeba kitu kizito ovyo ovyo, anatupigia kelele: "Mayai hayo!"