Fayette, Mji Uliokula Msitu Wake

Fayette, kaskazini mwa jimbo la Michigan nchini Marekani, ni pazuri mno kwa mji wa kuyeyushia chuma. Bandari yake ndogo imejikunja kama konokono, na ndivyo inavyoitwa, Snail Shell Harbor. Kando yake umesimama mwamba mweupe wa chokaa. Nyasi zimekatwa, nyumba zimepakwa rangi. Miaka ya 1870 hapa palikuwa moshi, masizi na kelele.

Waliopachagua hawakufuata mandhari. Mwaka 1867 kampuni ya Jackson Iron, yenye machimbo huko Negaunee, ilitaka kuyeyusha mawe ya chuma karibu, isigharamie kusafirisha uchafu wa mawe hayo hadi mbali. Wakala wake, Fayette Brown, aliona hapa kila kitu: maji yenye kina cha kutosha meli, chokaa, na msitu wa miti migumu wa kuchomea mkaa. Mawe yalishuka kwa reli hadi Escanaba, kisha yakavushwa ghuba kwa vyombo.

Matanuri mawili yalilishwa kwa juu mawe, mkaa na chokaa. Chokaa ilinasa takataka zikaelea; chuma kizito kikazama, kikafunguliwa kwa chini, kikatiririka kwenye kalibu za mchanga. Mavi ya chuma, yaani takataka hizo, yalitupwa, na hadi leo vipande vyake, vingine vya kijani au buluu, vinang'aa ufukweni.

Wakazi walikaribia 500, wengi wao wahamiaji kutoka Kanada na Ulaya. Msimamizi alikaa nyumba kubwa inayotazama ghuba. Vibarua, vibanda vya magogo. Duka lilikuwa la kampuni, kwa hiyo mshahara uliotolewa kwa mkono huu ulirudi kwa mkono ule.

Mkaa ndio uliowaponza. Msitu wa jirani uliisha, na kwingineko chuma kilikuwa kikiyeyushwa kwa bei nafuu kwa makaa ya mawe yaliyookwa. Mwaka 1891 matanuri yalizimwa, baada ya miaka 24 na zaidi ya tani 229,000 za chuma.

Jimbo lilipachukua mwaka 1959 na kuokoa majengo yapatayo 20. Nyumba ya msimamizi ipo. Vibanda vya vibarua karibu vyote vimetoweka. Ndiyo maana namshauri mgeni aanzie kwenye matanuri, halafu ndipo apande kwa bwana mkubwa. Na yale mavi ya chuma ayaache ufukweni.