Krediti Zetu Zina Historia

Katika mkutano wa kwanza wa klabu muhula huu tuliulizana: nani alianzia chuo kikuu, na nani alipitia koleji ya miaka miwili? Mikono mingi ilinyooshwa kwa swali la pili. Kisha likaja swali gumu zaidi: ulipohamia, kozi zako ngapi zilihesabiwa? Hapo kila mtu alikuwa na kisa chake. Mmoja wetu alihamisha krediti zake zote 60 bila kupoteza hata moja. Mwingine alilazimika kurudia muhula mzima. Mama wa mwenzetu, aliyekuwa akitunza wazee mchana na kusomea uuguzi usiku, aliambiwa na chuo alichoomba kwamba aanze karibu upya.

Tulipolinganisha visa hivi tuliona kwamba bidii haikuwa tofauti. Mama yule alisoma kuliko sisi sote. Tofauti ilikuwa mlango ambao kila mmoja aliingilia. Milango hiyo ilijengwa na watu, tena miaka mingi kabla familia zetu hazijafika Minneapolis na Saint Paul. Ndiyo maana tumeandika historia hii.

Tuanze na krediti yenyewe. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za kulipia pensheni za walimu wa vyuo. Taasisi iliyosimamia fedha hizo iliweka sharti: chuo kinachotaka kuingia katika mpango kipime masomo ya sekondari ya waombaji wake kwa saa za darasani. Vyuo vingi vilikubali, na baadaye vikapima hata masomo yao wenyewe kwa namna hiyo. Kwa hiyo kipimo kinachoamua kama tutahitimu mwaka huu au mwaka ujao kilienea kwa msaada wa pensheni za maprofesa. Kinahesabu muda wa darasani. Kuhusu ulichojifunza, chuo kimoja ni lazima kiamini neno la chuo kingine.

Imani hiyo ndiyo iliyozaa koleji za miaka miwili. Mwaka 1901 shule ya sekondari ya Joliet, jimbo la Illinois, ilianza kufundisha masomo ya chuo kwa wanafunzi sita. Wazo hili liliungwa mkono na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago: mwanafunzi asome miaka miwili ya mwanzo karibu na nyumbani, kisha amalizie chuo kikuu. Minnesota nayo ilifuata njia hiyo. Koleji ya Rochester ilifunguliwa mwaka 1915. Tangu kuzaliwa kwake, koleji ya namna hii ilikuwa daraja.

Lakini kulikuwa na mzizi wa pili. Saint Paul ilikuwa na shule ya ufundi tangu mwaka 1910, na ndiyo iliyokua ikawa Saint Paul College ya leo. Shule za namna hii zilifundisha kazi za mikono na, baadaye, kazi za hospitali. Hazikujengwa kama daraja la kwenda chuo kikuu, bali kama njia ya kwenda kazini. Hakuna aliyeuliza kama saa za karakana zingehesabiwa chuo kikuu, kwa sababu hakuna aliyetarajia fundi aende huko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalipanuka. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia karo askari waliorudi vitani. Mwaka 1947 tume ya Rais Truman ilipendekeza koleji za umma zifunguliwe nchi nzima, karibu na watu. Hapa Minnesota, mwaka 1963 Bunge la jimbo liliunda mfumo wa koleji za jimbo, na eneo la Miji Pacha likapata zake moja baada ya nyingine: Anoka-Ramsey na ile ya katikati ya Minneapolis mwaka 1965, North Hennepin 1966, Normandale 1968, Inver Hills 1970. Mwaka 1971 kikaanzishwa chuo ambacho leo ni Metropolitan State University, kwa ajili ya watu wazima na wale waliokwisha kupita miaka miwili ya mwanzo kwingine. Waanzilishi wake walisema maarifa yanastahili kutambuliwa hata kama yalipatikana kazini.

Majengo yalikuwepo, lakini makubaliano yalikuwa bado. Makubaliano hayo yalikuja mwaka 1994, vyuo vya umma vya Minnesota vilipopatana juu ya mtaala mmoja wa masomo ya msingi: malengo 10, krediti 40. Ukiukamilisha katika koleji yoyote ya umma, chuo kikuu cha umma unachohamia kinaupokea kama ulivyo. Tarehe 1 Julai 1995 koleji, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya jimbo viliunganishwa chini ya bodi moja. Chuo Kikuu cha Minnesota kilibaki nje ya muungano huo, ingawa kimo katika makubaliano ya mwaka 1994.

Tazama tarehe hizo. Wasomali walianza kuja kwa wingi Minnesota miaka hiyohiyo ya 1990, baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991. Wakenya, Wakongo na majirani zetu wengine nao wakaja, wengi wakakaa Brooklyn Park na Brooklyn Center, si mbali na North Hennepin. Walikuta makubaliano ambayo wino wake haujakauka. Lakini mizizi ile miwili, ingawa sasa ilikuwa chini ya bodi moja, iliendelea kuzaa matunda mawili. Shahada ya miaka miwili iitwayo AA inabeba krediti zote 40 za msingi. Ile ya kazi, iitwayo AAS, inabeba sehemu ndogo tu. Zote mbili ni takriban krediti 60, na zote zinachukua miaka miwili ya maisha ya mtu.

Wazazi wetu wengi walichagua ya kazi, na hawakukosea. Kodi ya nyumba ilikuwa ikisubiri, na nyumbani walikuwa wakisubiri pesa. Shida ni kwamba njia iliyowapa mshahara haraka ndiyo iliyokuwa na daraja bovu. Daraja jingine lilivunjwa kabisa: General College, iliyoanzishwa ndani ya Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1932 kwa wanafunzi wasiotimiza masharti ya vitivo vingine. Mwaka 2005 bodi ya chuo ilipiga kura kuifunga, wanafunzi wakaandamana, lakini uamuzi haukubadilika.

Jambo hili si geni kwa Waafrika Mashariki. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945 akapata stashahada ya ualimu. Wakati huo Makerere haikutoa shahada. Ilianza kwa kuungana na Chuo Kikuu cha London miaka michache baadaye. Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alisomea shahada ya kwanza, akaipata mwaka 1952, ingawa alikwisha kufundisha wengine.

Je, leo hali ikoje? Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao. Hapa jimboni kuna hatua zilizopigwa. Zimewekwa njia maalumu za kuhama kwa fani mbalimbali, na tangu mwaka 2024 familia yenye kipato chini ya dola 80,000 inaweza kusomesha mtoto chuo cha umma bila karo. Lakini karo ikilipwa na krediti ikapotea, umri wa mtu haurudishwi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Historia hii imetuonyesha kwamba ni lazima pia tuulize kibaba ni cha nani, na nani anakipima. Makubaliano ya mwaka 1994 yaliandikwa na watu waliokaa mezani, na kilichoandikwa kinaweza kuandikwa tena. Mpaka hapo, tunaomba wanaklabu wafanye mambo matatu: tunzeni muhtasari wa kila kozi, ombeni jibu la maandishi kabla ya kuhama, na kaeni na wadogo zetu walioko koleji kabla hawajachagua kozi. Mama wa mwenzetu amejiandikisha tena muhula huu. Safari hii mwanawe alikwenda naye kwa mshauri wa masomo, na karatasi zote zilikuwa mkononi.