Mistari Sita ya Zamani

Kila kazi ina mazoea yake, na mazoea mengine huishi kuliko sababu iliyoyazaa. Haya niliyaona nilipopewa kazi ndogo ya kusafisha skripti za kujaribu kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayokaa ndani ya kompyuta nyingine kama mpangaji. Humo nilikuta mistari sita iliyouliza swali moja tu: mtambo huu una prosesa ngapi? Jibu likiwa chini ya mbili, majaribio ya kompyuta pepe zenye prosesa nyingi yalirukwa.

Ili tumtendee haki aliyeiandika, hatuna budi kurudi nyuma. Fikra ya kompyuta pepe si ya jana. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, waliianza mwaka 1964, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370. Lakini hayo yalikuwa mambo ya mitambo mikubwa. Kompyuta ya mezani ilikuwa na prosesa moja, na watu wengi hawakuwa na haja ya kuhesabu. Mwaka 2002 Intel ilitoa prosesa moja iliyojitambulisha kama mbili, na mwaka 2005 zikaingia madukani kompyuta za mezani zenye viini viwili katika kipande kimoja. Mwaka 2007 KVM iliingizwa katika Linux, na kompyuta pepe zikawa kitu cha kila mtu. Wakati huo mtu aliweza kuwa na mtambo wa prosesa moja huku jirani yake ana wa nne. Kuuliza kwanza kulikuwa ni busara.

Tatizo, ndugu msomaji, lilikuwa katika namna ya kuuliza. Skripti ilifungua faili la /proc/cpuinfo na kuhesabu mistari yenye neno la prosesa likifuatwa na nukta mbili. Kwenye mitambo ya Intel ndivyo faili linavyoandikwa. Kwenye mitambo mikubwa ya s390, namba ya prosesa hutangulia nukta hizo. Tulipoihamishia huko, hesabu ilitoka sifuri, majaribio yakarukwa, na kwa kuwa hakuna lililoshindwa, ripoti ikaandika kwamba yote yamefaulu. Miezi kadhaa tuliamini hivyo. Kumbe hitilafu ya kufuli, ile inayotokea prosesa mbili zinapogombea sehemu moja ya kumbukumbu, ilikuwa imelala humo ikitusubiri.

Niliifuta mistari yote sita. Katika KVM kila prosesa pepe ni uzi wa kazi ambao Linux huupangia zamu kama kazi nyingine yoyote. Kwa hiyo hata mwenyeji mwenye prosesa moja aweza kumlea mgeni mwenye mbili. Ni kweli kwamba hapo mbili hizo hupokezana badala ya kwenda sambamba, kwa hiyo jaribio huchelewa na hitilafu nyingine hazionekani. Lakini jaribio dhaifu lina nafuu kuliko lisilofanyika likaitwa limefaulu. Na pale ambapo hesabu inahitajika kweli, ipo amri ya nproc, iliyotolewa mwaka 2009, ambayo haitegemei mistari ya faili hilo imepangwaje.

Mwenzangu mmoja alinikanya: "Usiguse, bwana, hayo yamekuwapo siku zote." Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe niliyapita mara nyingi bila kuyasoma. Siku ya kwanza baada ya kufuta, ripoti ilijaa makosa, na wengine wakaona nimeharibu. Sikuwa nimeharibu kitu. Makosa yalikuwapo, ila tulikuwa tumeyafumbia macho. Mazoea yana taabu, walisema wazee, na taabu yake kubwa ni kwamba hayapigi kelele.