Rutshuru: kutengeneza nyumba ao kulima kwanza?

Wilayani Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, mkulima hutengeneza nyumba yake wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Toka zamani ilikuwa hivyo: wanaume wanakata miti, wanawake wanachota maji, vijana wanakanyaga potopoto, na nyufa zinazibwa mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Jirani hakulipwa pesa. Alipewa chakula na kasiksi, na zamu yake ikifika, naye alisaidiwa.

Wakati wa Mobutu, serikali ya Zaire iliita kazi ya pamoja salongo na kuifanya ya lazima, hasa kwa barabara na mashamba ya pamoja. Jina hilo limebaki, lakini nyumba za vijijini ziliendelea kusimamishwa na msaada wa jirani kwa jirani.

Vita vya M23, vilivyoanza tena mwezi wa 11 mwaka 2021, vilipeleka familia nyingi kambini Kanyaruchinya, karibu na Goma. Kambi zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, waliorudi walikuta nyumba nyingi zimebomoka ao manjanja yametolewa. Tena yalikuwa majira ya kupanda, na mvua haiachi potopoto ikauke.

Hesabu ya wazee inasaidia hapa. Shitingi ya kambini inaweza kuwa paa kwa muda. Maharagi yakipandwa mwezi wa tatu, huvunwa mwezi wa sita. Hapo kiangazi kimefika, na kuna chakula cha kuwapa majirani watakaokuja kukanyaga potopoto.