Maadili ya uuguzi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita

Maadili ya uuguzi katika ukanda wa dhahabu ni kanuni, sheria na desturi za kazi zinazowaongoza wauguzi na wakunga wa mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hasa pale wanapokutana na mkanganyiko wa kimaadili. Mkanganyiko wa kimaadili ni hali ambamo mtu ana majukumu mawili, yote ya haki, na kutimiza moja ni kuvunja la pili. Wanafunzi wengi huuchanganya na kishawishi. Muuguzi anayefikiria kumwomba mama mjamzito fedha kwa huduma ambayo ni ya bure hana mkanganyiko wowote: anajua lililo sahihi, na shida yake ni kulitenda.

Katika ukanda huu mikanganyiko mingi huzunguka jambo moja, yaani siri ya mgonjwa. Muuguzi wa zahanati ya kijijini ndiye mara nyingi anayekuwa wa kwanza kujua kwamba binti fulani ana mimba, kwamba mchimbaji fulani ana Virusi vya Ukimwi, au kwamba mtoto aliyezaliwa usiku ana ualbino. Baada yake wanasubiri wengine wanaodai kujua: mume, mama mkwe, mwalimu mkuu, mwajiri, polisi.

Mazingira

Wenyeji wengi wa eneo hili ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Almasi ya Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012.

Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, ambao huchimba maduara kwa sururu na kamba, husaga mawe kwa karasha na kuosha mchanga kwenye mialo. Habari ya dhahabu mpya ikisikika, watu huhamia huko kwa maelfu. Hali hiyo huitwa rashi. Kijiji chenye zahanati moja na muuguzi mmoja au wawili hujikuta kina wakazi wa mji mzima, wengi wao vijana wasio na ndugu karibu, ambao baada ya miezi michache huondoka bila kuaga na bila kuchukua barua ya uhamisho wa matibabu.

Wagonjwa wanaozidi uwezo wa zahanati na vituo vya afya hupelekwa hospitali za wilaya na mikoa, kisha hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando, Mwanza, au ile ya Chato mkoani Geita. Hospitali ya Kolandoto ya Kanisa la AICT, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ina chuo kinachofundisha uuguzi.

Misingi na sheria

Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953, na toleo la karibuni ni la mwaka 2021. Vyuoni hufundishwa pia misingi minne iliyoandikwa na Wamarekani Tom Beauchamp na James Childress mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki kwa wote. Misingi hiyo ni rahisi kukariri. Ugumu ni kwamba haisemi upi utangulie unapogongana na mwingine.

Nchini Tanzania kazi hii inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza husajili, hutoa leseni, na laweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta muuguzi katika rejista. Wauguzi hula kiapo na kuwasha mishumaa kwa kumbukumbu ya Florence Nightingale. Sherehe ni nzuri, ila kiapo hicho hupimwa usiku wa zamu na si siku ya kuwasha mishumaa. Tangu mwaka 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo daftari la MTUHA lililoachwa wazi mezani, mahali ambapo kila anayepita anaweza kusoma majina, ni kosa hata kama hakuna aliyesema neno.

Siri ya VVU kati ya mume na mke

Mfano unaotumika sana darasani ni huu: mchimbaji amepima na kukutwa na VVU. Mke wake ni mjamzito na anahudhuria kliniki katika zahanati hiyohiyo. Mume anamwambia muuguzi, “Nesi, mke wangu asijue.”

Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inasema majibu ni siri ya aliyepimwa. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye maambukizi kumjulisha mwenzi wake mara moja, na inamtaja mwenzi miongoni mwa watu wanaoweza kupewa majibu. Hapa wasomaji wengi hudhani sheria imemaliza swali, lakini kuruhusiwa kusema si sawa na kuamriwa kusema. Muuguzi akikimbilia kusema, wachimbaji wengine watasikia kwamba zahanati ile haitunzi siri, nao hawatapima kabisa. Akinyamaza tu, mama na mtoto tumboni wamo hatarini.

Njia inayofuatwa na wauguzi wenye uzoefu ni kuushughulikia mkanganyiko kabla haujawa ugomvi. Mume hupewa ushauri nasaha zaidi ya mara moja, na muuguzi hujitolea kuwapo atakapomwambia mkewe. Wakati huohuo mke, kama wajawazito wote, hupewa nafasi ya kupima kliniki na huhimizwa kurudi na mwenzi wake ili wapime pamoja. Akikutwa na maambukizi, atajua kwa majibu yake mwenyewe na ataanza dawa za kumkinga mtoto, bila siri ya mume kuguswa. Akikutwa hana, tatizo linabaki palepale, na hapo ndipo kipengele cha sheria kinachomruhusu muuguzi kumjulisha mwenzi huwa na maana, baada ya kushauriana na mfawidhi na kumwonya mume mapema.

Mara nyingi mambo huwa kinyume: mke ndiye hutangulia kujua kwa sababu ndiye anayepimwa kliniki, naye huogopa kupigwa au kufukuzwa. Muuguzi anayemshinikiza “amwambie leo hii” hujali kanuni kuliko mtu.

Binti wa shule na kipimo cha mimba

Shinyanga imekuwa miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni nchini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa.

Kwa miaka mingi shule zilikuwa na desturi ya kupima wasichana mimba. Muuguzi wa zahanati jirani aliitwa, au wasichana walipangwa mstari na kupelekwa kwake, kila mmoja akatoa mkojo, na orodha ya majibu ikarudi kwa mkuu wa shule. Aliyekutwa na mimba aliondolewa shuleni, kwani kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili. Walimu waliona wanalinda nidhamu. Wazazi wengi waliunga mkono. Lakini ukitazama kwa jicho la uuguzi, karibu kila msingi ulivunjwa: binti hakuulizwa ridhaa, majibu hakupewa yeye kwanza, na kipimo hakikufanywa kwa faida yake bali kwa kumwadhibu. Kulikuwa na dhara jingine lisiloonekana. Binti aliyejua kwamba zahanati na shule ni kitu kimoja hakwenda kliniki mapema. Alijifunga tumbo kwa khanga, akaenda kwa mganga, au akajaribu kuitoa mimba kwa njia za hatari.

Novemba 2021 Serikali, kupitia Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na shirika la Center for Reproductive Rights, iliitaka Tanzania kuacha upimaji wa lazima shuleni. Muuguzi anayeombwa leo na mkuu wa shule “awapitie wasichana” ana msingi wa kukataa. Kukataa huko si rahisi. Mkuu wa shule, mtendaji wa kijiji na muuguzi hukaa kamati moja na husali kanisa moja.

Swali gumu zaidi huja binti mwenyewe anapokuja peke yake, ana miaka 16, na anaomba isijulikane. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 mtu wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa VVU, kwa hiyo sheria inamtambua kuwa na uamuzi wake katika jambo hilo. Kwa upande mwingine, kufanya ngono naye ni kosa la jinai, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kuhusu mtoto anayevunjiwa haki kuitoa kwa serikali ya mtaa. Hapa muuguzi hawezi kuahidi siri kamili, na kosa kubwa ni kuiahidi kisha kuivunja. Kinachofaa ni kumweleza binti tangu mwanzo yapi yatabaki kati yao na yapi lazima yafike ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, na kumwacha achague nani aambiwe kwanza nyumbani. Akija anavuja damu baada ya kujaribu kutoa mimba, hutibiwa kwanza. Utoaji mimba ni kosa isipokuwa kuokoa maisha ya mama, ila kazi ya muuguzi ni kutibu, si kuhoji kwa niaba ya mpelelezi.

Mtoto mwenye ualbino

Kuanzia mwaka 2006 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yalienea katika mikoa ya ziwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Watoto wengi walihifadhiwa katika shule ya Buhangija, Shinyanga, wakiwa mbali na wazazi wao.

Kwa mkunga, habari hizo zina maana moja: neno linalotoka wodini linaweza kuua. Desturi ya kawaida ya kumwonyesha mtoto kwa kila anayekuja kupongeza inabidi isimame. Taarifa huandikwa kwenye faili bila kutajwa korido, na simu za kupiga picha huzuiwa. Lakini kumficha mtoto kabisa kuna hatari yake, maana familia inahitaji ulinzi, na ulinzi hauji pasipo mtu kujulishwa. Mkunga huzungumza na mama kwanza, na kwa ridhaa yake ofisa ustawi wa jamii hujulishwa. Baba naye huhitaji maelezo, kwa kuwa mara nyingi humshutumu mke kwa uzinzi. Muuguzi humweleza kwamba ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili hata kama wote ni weusi, na kwamba adui wa kila siku wa mtoto huyo ni jua, hivyo avae kofia na mikono mirefu na apimwe macho.

Migodini

Muuguzi wa zahanati ya kampuni analipwa na mwajiri wa mgonjwa wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya, na mwajiri ana haki ya kujua kama mtu anafaa kushuka chini. Hana haki ya kujua ugonjwa wenyewe. “Anafaa”, “hafai” au “anafaa kwa masharti” yatosha, na kipimo cha VVU hakiwi sharti la ajira.

Kwa wachimbaji wadogo tatizo ni zebaki. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha huchomwa, mara nyingine kwenye jiko la nyumbani, na mvuke wake hudhuru neva, figo na mtoto tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2013 kuhusu watoto wanaofanya kazi hiyo Geita, Kahama na Chunya. Muuguzi akimwona mtoto anayetetemeka mikono anapaswa kutoa taarifa, naye anajua kwamba mama akiogopa kushtakiwa hatamleta tena. Wengi huanza kwa kumshawishi mama achomee mbali na nyumba na amtoe mtoto mwaloni, kisha hutoa taarifa endapo hali haibadiliki. Kwa mtoto ambaye tayari anadhurika kuchelewa huko ni vigumu kutetea.

Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, watu watano waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mmoja alifariki baadaye hospitalini. Aliyekaa na njaa muda mrefu hulishwa kidogo kidogo, maana chakula kingi cha ghafla chaweza kumuua, hata kama ndugu wamesimama mlangoni na sufuria ya wali. Kamera za waandishi ni jambo la pili: mtu asiye na nguvu za kukataa hawezi kuhesabiwa amekubali kupigwa picha.

Majeruhi wa kupigwa au kukatwa panga huhitaji fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3. Anayevuja damu huhudumiwa kwanza, na fomu hufuata. Baadhi yao walijeruhiwa wakiingia mgodini kinyemela, hivyo husema wameanguka. Muuguzi huandika jeraha jinsi lilivyo, na maelezo ya mgonjwa huyaandika kama maelezo ya mgonjwa.

Lugha na ridhaa

Wazee wengi vijijini huongea Kisukuma tu, na muuguzi aliyepangwa kutoka mkoa mwingine hukitegemea kinywa cha ndugu. Mjukuu akimtafsiria bibi habari za kizazi, bibi husema nusu. Mwana akiona habari ni mbaya, hutafsiri kwa kupunguza. Kidole gumba kilichowekwa kwenye fomu ya upasuaji katika hali hiyo ni ridhaa ya mkalimani. Vituo vingi humtumia mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua lugha, aliyefunzwa kutunza siri, na muuguzi humwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa kabla ya wino kuletwa.